Mtumbwi Ambao Sikuwahi Kuupanda

Jumamosi, mwezi wa saba, 1954

Upepo umevuma tangu alfajiri na vumbi limeingia mpaka ndani ya sufuria. Asubuhi ziwa lilitulia kidogo, mchana likachafuka, na sasa jua linapoelekea kuzama limetulia tena. Nimekaa kizingitini nipate mwanga, maana mafuta ya taa ni ya kubania. Mjukuu wangu amelala ndani mapema, kachoka. Namsikia anavyovuta pumzi kwa taabu, pua imeziba kwa vumbi.

Daftari, leo nina mengi na sina wa kumwambia. Ndiyo maana nilikununua kwa Mhindi, wala si kwa sababu ya kupenda kuandika. Tangu mume wangu, Baba Mabula, afariki, hakuna anayeniuliza jioni siku imekwendaje.

Mwanangu Mabula anafanya kazi mgodini, Geita. Jumatano alimleta binti yake, Milembe, mtoto ambaye meno ya mbele ndiyo kwanza yameng'oka. Mkewe amejifungua mapacha, Kulwa na Doto, na nyumba ya kambini ni chumba kimoja. Mabula alikunywa maji, akakaa kidogo, akasema anawahi zamu. Pale mlangoni akaniambia, "Mama, akizoea, abaki kwako, umlee. Asipozoea, Jumatatu nakuja kumchukua."

Akizoea.

Neno hilo moja nimelala nalo na kuamka nalo. Kwetu ni jambo la kawaida bibi kupewa mjukuu amlee. Wenzangu wote hapa kijijini wana watoto wa kutuma maji, wa kupigia kelele, wa kulala nao kitanda kimoja msimu wa baridi. Mimi nina kuku. Na ugali wa mtu mmoja haupikiki, jamani. Kila siku unazidi, kila siku nawamwagia kuku, na kuku wangu wamenenepa mpaka watu wanadhani nina neema.

Basi nimekuwa nikimhonga mtoto. Niseme ukweli, tuko peke yetu hapa. Siku ya kwanza nilimpikia michembe, vile viazi vya kukausha, nikaviunga kwa karanga. Akala viwili, akasema asante bibi. Siku ya pili nikampa kifaranga awe mali yake, nikamtengenezea na mwanasesere wa gunzi. Alicheza kidogo. Jioni akaenda kukaa mlangoni, mikono mapajani kama mgeni msibani, akaniuliza, "Bibi, kwa mama ni upande gani?" Nikamwonyesha. Na jana jioni akakaa tena akielekea upande huo.

Na kuzungumza naye ni kazi nyingine. Mimi naongea Kisukuma, yeye ananijibu kwa Kiswahili cha kambini. Huko wanaishi na watu wa kila kabila, na watoto wote wamekuwa wa lugha moja. Kiswahili changu ni cha katekisimu, kile tulichofundishwa misheni kusoma na kuandika. Nikimwambia jambo inabidi nilitafute kwanza kichwani, na nikilipata, yeye keshaondoka.

Leo nikaona nitoe silaha yangu kubwa. Nikaamua kumwonyesha mtumbwi wa babu yake.

Si mkubwa. Ni wa mbao, una mlingoti mmoja na tanga moja, na watu wanne wakiingia na nyavu zao wanaanza kukanyagana. Siku hizi anautumia Misana, aliyevua samaki na mume wangu tangu ujana wao. Akirudi ziwani huniletea samaki, ngege au ningu wa kutosha mboga, wala hajawahi kuniruka hata siku moja. Namheshimu kwa hilo, ingawa ni mtu wa maneno machache ambayo mara nyingi anayatoa wakati usiofaa.

Mtumbwi huo naujua kuliko ninavyoijua nyumba hii. Tanga lake nililishona mimi, kwa kitambaa cha merikani, na viraka vyake vyote ni vyangu. Pamba ya kuzibia kati ya mbao ili maji yasipite nimeilima mimi, nimeisokota mimi, nimeichovya mafuta mimi. Kamba za katani nimezisuka mimi, mpaka viganja vikawa na sugu.

Lakini mguu wangu haukuwahi kuingia humo ndani.

Mimi ni mtu wa Shinyanga, bara kabisa, kwenye ng'ombe na vumbi. Kwetu maji mengi ni lambo baada ya mvua. Nilipoletwa hapa kuolewa na Mzinza nikaliona ziwa, nilidhani ni lambo la tajiri fulani, nikauliza ni la nani. Walinicheka mwaka mzima. Na katika siku hizo hizo za uharusi, mama mkwe alinikalisha akaniambia miiko ya huku. Mkubwa kuliko yote: mwanamke hakanyagi ndani ya mtumbwi wa kuvulia. Akikanyaga, samaki wanakimbia, na watu wa nyumba hiyo watalala njaa kwa ajili yake.

Nikaushika. Nilikuwa mgeni, na mgeni hushika anachoambiwa. Nikimpelekea mume wangu chakula cha kwenda nacho, niliingia majini mpaka magotini, nikanyoosha mkono, akapokea. Nikiosha mtumbwi, niliosha kwa nje. Maisha yangu yote ya ndoa nimekuwa mke wa mvuvi wa upande wa nje.

Kwa hiyo leo asubuhi, kabla ziwa halijachafuka, nilimshika Milembe mkono tukashuka ufukweni. Misana alikuwa anakung'uta nyavu. Mtoto akapiga goti vizuri, "Shikamoo babu," naye akamjibu, "Marahaba, ng'wanawane, mwanangu," akamnyanyua na kumtumbukiza ndani ya mtumbwi kabla sijasema neno. Mtoto wa kike ambaye hajavunja ungo hana mwiko. Hilo nilikuwa nalijua.

Nikaanza kumzungusha. Yeye ndani, mimi nje, maji yakinifika kwenye vifundo, tunakwenda sambamba toka mbele kwenda nyuma. Huu ni mlingoti. Hapa linafungwa tanga. Haya ni mataruma, mbao zilizopinda, ndizo mbavu za mtumbwi. Hili kopo ni la kukumbia maji yakiingia. Kila kitu nilikitaja, nikakigonga kwa nje na yeye akakigonga kwa ndani. Ilinifurahisha kupita kiasi. Sikumbuki lini mara ya mwisho mtu alisikiliza nisemacho mpaka mwisho.

"Taa iko wapi?" akauliza.

"Taa ya nini?"

"Baba akiingia shimoni anakuwa na taa. Babu alikuwa anaingia humu bila taa?"

Nikamwambia huku juu jua lipo. Akaridhika. Kisha akaenda kukaa nyuma kabisa, mahali pa kuongozea, palepale alipokuwa akikaa Baba Mabula, akaweka mkono juu ya kasia.  Nikajificha nyuma ya utani, maana kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, na mimi na yeye ni wake wenza.

"Angalia mke mwenzangu alivyo mjanja," nikasema. "Umeolewa juzi, tayari umekaa kiti cha mume. Mimi mke mkubwa nimebaki nje nalowa."

Alicheka kidogo, akaweka ulimi kwenye lile pengo la meno. Halafu akaniangalia vizuri.

"Bibi, mbona wewe huingii?"

Nikamweleza mwiko. Nilidhani atashangaa. Hakushangaa hata chembe.

"Ni kama shimoni," akasema. "Mama naye haruhusiwi kushuka. Wanasema dhahabu itakimbia."

Nilicheka mpaka nikashika ubavu wa mtumbwi. Kumbe sisi wanawake tunatisha namna hii! Samaki wanatukimbia, dhahabu inatukimbia, tunaobaki nao ni kuku na watoto wenye kamasi. Nilikuwa bado nacheka nilipogundua kwamba Misana hacheki. Alikuwa ameacha nyavu, amesimama.

"Mayu," akasema, maana ndivyo anavyoniita mama, "kumbe mpaka leo unaushika mwiko ule?"

"Mwiko una mwisho?"

"Una mwisho. Ule ni wa mwanamke anayezaa. Akishakoma kuzaa anakuwa mzee tu, kama sisi wazee. Wewe ungeingia zamani."

Nikamwambia asinitanie mbele ya mtoto. Akasema hanitanii. Akanikumbusha kwamba mama mkwe wangu, uzeeni, alikuwa akivuka na mtumbwi huu huu kwenda kuwatazama ndugu zake ng'ambo, tena akikaa hapo katikati na kibuyu chake cha maziwa.

Ni kweli. Nilimwona kwa macho yangu, si mara moja. Nilidhani yeye anaruhusiwa kwa sababu ndiye mama wa mwenye mtumbwi. Aliponifundisha mwiko alinifundisha unapoanzia. Unapoishia hakunifundisha, pengine alidhani mtu yeyote analijua hilo. Na mtu yeyote wa hapa kweli analijua. Mimi ndiye niliyetoka kwenye ng'ombe.

Nikamuuliza Misana kama mume wangu alijua.

"Alijua, asijue vipi? Alikuwa anasema wewe unaogopa maji. Alisema, 'Mtoto wa watu ametoka bara, sitamlazimisha.' Akawa anangoja useme mwenyewe."

Akarudi kwenye nyavu zake kana kwamba ameniambia bei ya chumvi.

Daftari, unajua nilichokumbuka pale? Nilikumbuka jioni za miaka yake ya mwisho, kazi imeisha, watoto wameondoka. Alikuwa anasimama mlangoni, kofia mkononi, anasema, "Ziwa limetulia leo." Nami namjibu, "Ndiyo, limetulia," naendelea kuchekecha unga. Anasimama kidogo. Kisha anashuka ufukweni peke yake, anazunguka kwenye matete, anarudi giza likianza. Nilikuwa nikilitazama tanga lake toka jikoni na kujisikitikia kwamba sikuzaliwa mwanaume.

Alikuwa ananialika.

Nimemkasirikia marehemu leo, Mungu anisamehe. Nimemkasirikia kuliko siku zote alizokuwa hai. Angesema neno moja tu, twende. Na mimi ningeuliza neno moja tu, naruhusiwa? Yeye kwa heshima yake hakusema, mimi kwa heshima yangu sikuuliza, tukaheshimiana mpaka akafa.

Milembe alikuwa bado ananingoja. "Basi ingia, bibi," akasema. Kwake yeye jambo lilikwishamalizika.

Nikaingia. Misana alinipa bega, nikapandisha mguu mmoja, kanga ikalowa, nikakaribia kuangukia upande wa pili kama gunia la udaga wa muhogo. Hakuna aliyecheka, na bora wangecheka. Ndani kulikuwa na harufu ya samaki na lami, mbao zina utelezi, na pembeni niliona mshono wangu wa pamba kwa upande ambao sikuwahi kuuona. Nikakaa. Nikaupitishia kidole. Sikulia, lakini si kwa sababu sikutaka.

Misana akasukuma, akaruka ndani, akafungua tanga. Akasema tuzunguke karibu na matete tu, upepo bado ni mdogo. Tanga lilipojaa, mtumbwi ukalala upande mmoja, nami nikamshika Milembe kwa mikono yote miwili nikaita majina ya watakatifu wote niliofundishwa. Nakiri, Baba Mabula hakukosea sana. Maji nayaogopa. Lakini kuogopa ukiwa ndani ya mtumbwi ni tofauti na kukaa jikoni.

Na mtoto alicheka! Alicheka kwa sauti, mdomo wazi na pengo lake lote, maji yakimrukia usoni. Tangu Jumatano sikuwa nimeisikia sauti hiyo. Akataka kushika kamba, akashikishwa. Akataka kuonja maji ya ziwa, akaonja. Nikajisemea moyoni, nimeshinda. Amezoea. Nikaanza kupanga kichwani: atalala ukutani ili asianguke, nitamshonea gauni kwa kitambaa kilichobaki, mwakani nitampeleka misheni kusoma.

Tulipotoka kidogo kwenye matete, ziwa likafunguka na ng'ambo ikaonekana, upande wa Nungwe, pale malori ya mgodini yanapochukua mizigo. Milembe akageuka. Akanyoosha kidole.

"Bibi, hapo si ndipo tulipopanda mtumbwi mimi na baba?"

"Ndipo."

"Basi twende. Upepo si upo? Tufike kwa mama."

Alisema kwa furaha, sura yote inang'aa. Hapo nikaelewa kwa nini alikuwa anacheka. Mimi nilidhani namwonyesha sababu ya kubaki. Yeye asubuhi yote alikuwa anajifunza jinsi ya kurudi kwao.

Nikamdanganya. Nikamwambia, "Leo upepo hauendi huko." Misana aliyatazama maji. Kwa mara ya kwanza alinyamaza wakati unaofaa. Mtoto akatazama tanga, akatazama ng'ambo, akashusha kidole. Tuliporudi ufukweni alishuka mwenyewe bila kusaidiwa.

Mchana nilipika ugali wa watu wawili, ukatosha sawasawa, na hakuna aliyekula vizuri.

Nilipokuwa naosha vyombo nikaanza kufikiri vibaya. Nikafikiri: Mabula akija Jumatatu, nitamwambia amezoea. Nani atabisha? Mtoto hatabisha, amelelewa vizuri, hajibizani na wakubwa. Atakaa mlangoni ameelekea upande wa kwao jioni moja, mbili, mwishowe ataacha. Watoto husahau. Atanipigia goti, atanitekea maji, atanyamaza. Nami nitajiambia kwamba ametulia.

Nikakumbuka kwamba nyumba hii imeshawahi kukaa watu wawili walionyamaza, kila mmoja akidhani anajua moyo wa mwenzake. Sikuwa na nguvu za kuanza tena.

Kuuliza si ujinga, tumekuwa tukisema hivyo tangu utotoni, na mimi nimezeeka bila kuuliza. Nikafuta mikono, nikaenda kukaa naye chini. Alikuwa anamlisha kifaranga chake chenga za michembe. Nikamuuliza kwa Kiswahili, kwa kukitafuta taratibu, kama anataka kubaki kuishi na mimi, au anataka kurudi kwa mama yake. Nikamwambia aseme lililomo moyoni, bibi hatakasirika.

 Alimaliza kwanza kumlisha kifaranga.

"Hapa ni pazuri, bibi," akasema. "Lakini Kulwa akilia, Doto naye analia, na mama ana mikono miwili tu. Mimi ndiye ninayembeba Doto."

Basi. Mtoto ambaye hana meno ya mbele ana mtu anayemhitaji, na anajua hivyo. Ningemwambia nini? Kwamba na mimi namhitaji? Nilitaka kusema. Nikaona huo ni mzigo mzito kumtwika mtoto, nikampangusa kamasi badala yake. Nikamwambia Doto ana bahati. Akaniegemea, akalala pale pale pajani kwangu, na kifaranga kikalala naye.

Nilikaa hivyo mpaka mguu ukafa ganzi. Sikuthubutu kuusogeza.

Jioni hii nimekwenda kwa Misana. Nimemwambia Jumatatu alfajiri, kabla upepo haujakuwa mkali, atupeleke Nungwe. Sitamngoja Mabula avuke kuja hapa kuniuliza kama mtoto amezoea. Nitamsubiri kule yanakosimama malori, nimkabidhi binti yake mkononi, na kifaranga chake kwenye kikapu. Nitamwambia mwenyewe kwamba mtoto anatakiwa kwao. Misana aliniuliza kama nina hakika ninataka kwenda, kwa sababu anaweza kumfikisha peke yake nikabaki nyumbani. Nikamwambia nimebaki vya kutosha.

Sasa hata herufi nazikisia, jua limezama. Nimeingia mara moja kumtazama, amejifunua, nimemfunika.

Safari ya kwenda siiogopi. Nitakuwa na mtoto wa kumkumbatia mtumbwi ukilala upande. Kurudi ndiko ninakokufikiria, Misana nyuma kwenye kasia, haongei, na mimi pale katikati. Mikono yangu nitaiweka wapi?

Kesho ni Jumapili. Kesho bado ninaye.